Mbiu na Kipaza Sauti

Usiku wa Agosti 9, 2008, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Indiana mjini Bloomington, bingwa na mshindi wa pili walipishana kwa alama 0.025. Phantom Regiment, kikosi cha matarumbeta na ngoma kutoka Rockford, Illinois, kilipata 98.125. Blue Devils wa Concord, California, wakapata 98.100. Ni tofauti ambayo hata sonara asingehangaika nayo, lakini ndiyo iliyowapa Phantom ubingwa wao wa kwanza wasiogawana na mtu. Ule wa 1996 waligawana na haohao Blue Devils.

Mashabiki wakikutana na kuukumbuka usiku ule hawaanzi na desimali. Wanaanza na maneno matatu. Onyesho lilikuwa la Spartacus, mtumwa aliyewaasi Warumi, na lilipokaribia kilele vijana wakaanza kupaza sauti mmoja mmoja, huyu kutoka pembe hii, yule kutoka pembe ile: mimi ni Spartacus. Kule majukwaani, watu waliokwisha kuliona onyesho hilo mara kadhaa msimu ule wakawa wanaitikia.

The Cadets nao, kikosi kilichozaliwa mwaka 1934 huko Garfield, New Jersey, walishuka uwanjani usiku huohuo wakiwa na maneno. Onyesho lao lilibeba jina lililotoka kwenye Azimio la Uhuru wa Marekani la 1776, lile fungu la kutafuta furaha, na sauti za watu wakizungumza zilipita kwenye spika huku wenzao wakipiga na kutembea. Walimaliza wa tano. Si haki kusema maneno ndiyo yaliyowashusha, maana majaji huangalia mambo mengi. Hata hivyo mashabiki walikwisha kuchukua upande katika ugomvi wa kama usimulizi una mahali uwanjani. Kwao Spartacus alikuwa ushahidi wa jambo moja, na The Cadets ushahidi wa kinyume chake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona mambo haya, picha ya karibu ni hii: chukua halaiki ya watoto kwenye sherehe za uhuru, namna wanavyojipanga na kuumba maumbo yanayosomeka vizuri ukiwa juu jukwaani, changanya na beni ya polisi, kisha weka majaji, alama mia moja na ushindani wa kufa na kupona. Vikosi hivi hushindana chini ya shirika liitwalo Drum Corps International, DCI, ambalo fainali yake ya kwanza ilifanyika mwaka 1972 Whitewater, Wisconsin. Wachezaji ni vijana wasiozidi miaka 21 au 22. Mwaka ule wa Spartacus kikosi kiliruhusiwa watu 150. Kiangazi chote wanasafiri kwa mabasi usiku, wanalala kwenye sakafu za kumbi za michezo za shule, asubuhi wanafanya mazoezi juani, jioni wanavaa sare na kuingia uwanjani. Na kwa raha hiyo wanalipa wenyewe, maelfu ya dola.

Asili ya vikosi hivi ni ya kijeshi. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, vyama vya askari waliorudi nyumbani, hasa American Legion iliyoanzishwa 1919, vilianza kulea vikundi vya vijana wapiga baragumu na ngoma. Baragumu la jeshi halikuwa chombo cha starehe. Lilikuwa mdomo wa kamanda: amka, kula, panda farasi, rudi nyuma, zima taa. Askari wa nchi nyingi walizoea kuzipachikia milio hiyo maneno yao wenyewe, mengine yasiyofaa mbele ya wakwe, ili wasiisahau. Mswahili ana methali yake ya kale kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na wapinzani wa usimulizi wangeipenda sana kama wangeijua. Pembe imelia. Aliyesikia ameelewa. Sasa huyu mwenye kipaza sauti anakuja kueleza nini?

Kwa miaka mingi swali hilo halikuwapo, kwa sababu vipaza sauti vilikatazwa. Kanuni za DCI zilikuwa kali kuhusu vyombo. Hadi mwisho wa karne iliyopita matarumbeta yote yalikuwa ya ufunguo wa G, na ni mwaka 2000 tu ndipo vikosi viliporuhusiwa kutumia shaba za ufunguo wowote. Vyombo vya mwanzi kama saksafoni bado ni marufuku. Ruhusa ya vipaza sauti ilianza kutumika msimu wa 2004, na hoja iliyotangulizwa ilikuwa ya marimba.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Marimba, jina ambalo lilitoka katika lugha za Kibantu likavuka bahari, huwekwa mbele ya uwanja, pembeni, pamoja na vibrafoni na ngoma kubwa za shaba. Nyuma yake kuna matarumbeta zaidi ya sitini yanayoelekezwa jukwaani. Ili yasikike, wapigaji walikuwa wanatumia vijiti vigumu na kugonga kwa nguvu zote, mpaka mbao zinalia kama zinapasuliwa kuni. Walimu wa muziki walilalamika kwamba wanawafundisha watoto kupiga vibaya. Kipaza sauti kingemruhusu kijana apige kwa ulaini ambao chombo kinautaka. Ni hoja nzuri, na ukisikiliza vikosi vya leo utakubali kwamba marimba zimenufaika.

Lakini ukishatandika waya na kusimamisha spika uwanjani, huwezi kuuzuia mdomo wa mtu usisogee. Kijiti kilifungua mlango, msimulizi akaingia. Mwaka 2009 vikaruhusiwa vinanda vya umeme na sauti zilizorekodiwa.

Waliokimbilia mlango huo kwa kasi kuliko wote walikuwa The Cadets. Mwaka 2005, wakiwa na onyesho la ndoto na milango waliloliita "The Zone", sauti ya binadamu ilikuwa sehemu ya onyesho, nao wakachukua ubingwa kwa alama 99.15. Ushindi wa namna hiyo humfanya mtu yeyote aamini amegundua dawa. Mwaka uliofuata wakaongeza kipimo: mwendelezo wa hadithi ileile, safari hii wakipita upande wa pili wa kioo kama Alice wa kitabuni, na maneno tele. Wakashika nafasi ya tano. Mwaka 2007 wakaja na "This I Believe", jina la kipindi maarufu cha redio cha Marekani cha miaka ya 1950, ambamo watu walieleza imani zao. Uwanjani vijana wenyewe walijieleza: wao ni nani, wanaamini nini, kwa nini wako hapo. Walimaliza wa pili. Mpaka leo ukitaka kuharibu chakula cha jioni cha mashabiki wa zamani, taja onyesho hilo mezani.

Kilichowaudhi watu si siri. Mtazamaji anaona vijana mia na hamsini wakipita katikati yao kwa kasi bila kugongana, matarumbeta yakipanda kwa pamoja, na wakati huohuo sauti inamwambia kwamba vijana hawa wanajituma sana. Anaona! Ni kama kukaa kwenye pilau na mtu anayekutangazia kila tonge kwamba iliki imekolea.

Hata hivyo ipo sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana, na pengine ndiyo nzito kuliko zote. Ni fizikia. Uwanja wa mpira wa Kimarekani una upana wa mita 49 hivi na urefu wa mita 110 ukijumlisha maeneo ya magoli. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa kijana aliye mwisho wa kushoto humfikia aliye mwisho wa kulia baada ya karibu theluthi moja ya sekunde. Wimbo ukienda kwa mapigo 180 kwa dakika, pigo moja lina urefu huohuo wa theluthi ya sekunde. Maana yake anayepiga kwa kufuata masikio peke yake atachelewa pigo zima. Vikosi vimejifunza kuishi na jambo hili kwa nidhamu ya ajabu: walio mbele husikiliza walio nyuma yao na kujipanga kwa mlio unaotokea huko, walio nyuma huangalia mikono ya kiongozi na kutosikiliza kabisa yanayotoka mbele. Muziki unafika jukwaani ukiwa umeshikana, na mtazamaji hajui kazi iliyofanyika.

Sasa tupa maneno katika mtambo huo. Muziki unastahimili mwangwi. Noti ndefu ikirudi kutoka ukuta wa pili inajiongezea utamu. Neno halistahimili. Tofauti ya paka, kaka na taka ni konsonanti moja ya mwanzo, kijipumzi kifupi kisicho na nguvu, na hicho ndicho kinachopotea kwanza. Kiswahili angalau kina irabu mwishoni mwa kila neno la asili, zinazobeba sauti mbali. Kiingereza kimejaa konsonanti zilizobanana mwishoni, na ndani ya Lucas Oil Stadium mjini Indianapolis, uwanja wenye paa, ambako fainali za DCI zimekuwa zikifanyika tangu 2009, sentensi ndefu inaweza kufika ikiwa uji. Aliyekaa katikati ya jukwaa anasikia hotuba. Aliyelipia kiti cha pembeni anasikia mtu akinung'unika ndani ya pipa.

Wahandisi wa sauti wana jibu la kawaida: ongeza. Wakiongeza, matarumbeta yanazama, na watu walikuja kusikia matarumbeta.

Halafu kuna suala la kurudia. Kikosi hucheza onyesho lilelile kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti, mji baada ya mji, na shabiki anaweza kuliona mara kadhaa na baadaye akalisikiliza nyumbani kwenye rekodi. Mlio wa shaba ukiusikia mara ya ishirini unagundua ndani yake tarumbeta ya tatu ambayo hukuwahi kuitambua. Kichekesho ukikisikia mara ya ishirini unatafuta kitufe cha kukiruka.

Wanaoutetea usimulizi nao wana mkono imara, ingawa wengi hawajui kuucheza. Husema tu kwamba sanaa lazima isonge mbele, sentensi inayofaa kutetea chochote. Wangefanya vyema zaidi kutaja watangulizi. Mwaka 1918 huko Lausanne, Uswisi, Igor Stravinsky alitoa "Hadithi ya Askari", kazi ya kusomwa, kupigwa na kuchezwa, yenye msimulizi na wanamuziki saba tu, mmoja wao akiwa mpiga shaba wa koneti. Ilikuwa ndogo kwa makusudi, ili izungushwe mijini kwa gharama nafuu wakati vita vimekausha mifuko. Mwaka 1923 mjini London mshairi Edith Sitwell alikariri mashairi yake juu ya muziki wa William Walton akiwa amejificha nyuma ya pazia lililochorwa sura, mdomo wake ukiwa kwenye paipu ya kukuzia sauti iliyopenyezwa katika tundu la mdomo wa mchoro. Wakosoaji walimcheka. Kazi hiyo inapigwa hadi leo.

Mfano mzuri kuliko yote, na wenye undugu na viwanja hivi, ni "Lincoln Portrait" ya Aaron Copland. Iliagizwa baada ya Marekani kuingia vitani, ikapigwa mara ya kwanza Cincinnati, Mei 1942. Ina msimulizi anayesoma maneno ya Abraham Lincoln, na kiti hicho kimekaliwa na watu wa kila namna: Eleanor Roosevelt, Marian Anderson, Margaret Thatcher. Mwaka 2005 alikikalia seneta mpya wa Illinois, mtoto wa Mkenya, Barack Obama, pamoja na okestra ya Chicago. Kazi yenyewe ni ya kama robo saa. Sehemu kubwa ya mwanzo okestra inapiga peke yake. Msimulizi amekaa kimya, mikono mapajani, dakika baada ya dakika, huku muziki ukijenga nyumba atakayoingia. Anainuka ikiwa imebaki sehemu ya mwisho. Na Copland, ambaye alijua waigizaji walivyo, alimwachia onyo kwenye nota: asome kwa urahisi, bila kutia chumvi hisia wala kujaribu kuigiza.

Mwaka 2014 The Cadets waliichukua kazi hiyohiyo na kuipeleka uwanjani, wakiwa na msimulizi. Kwa kikosi kilichotukanwa kwa maneno yake kwa miaka, huo ulikuwa ujasiri, au ukaidi wa kifamilia. Lakini safari hii maneno yalikuwa na haki ya kuwapo, kwa kuwa muziki wenyewe uliandikwa ukiyasubiri.

Ukaidi huo una ndugu zake wa mbali katika vyuo vya kaskazini mashariki mwa Marekani. Beni za Yale, Harvard na wenzao zilijijengea sifa kwa mtindo wa fujo: wachezaji wanatawanyika uwanjani kama kuku waliofunguliwa banda, wanajikusanya kuunda umbo, na wakati huo mtangazaji anasoma maandishi ya kejeli juu ya wakuu wa chuo, wapinzani na siasa. Huko maneno ndiyo onyesho, muziki unajaza mapengo. Hakuna anayelalamika kwamba msimulizi kavamia, kwa kuwa bila yeye hakuna kitu. Wanaolalamika ni viongozi wa chuo, ambao hutaka kuyaona maandishi kabla. Beni ya Chuo Kikuu cha Columbia, moja ya wakongwe wa mtindo huo, ilijivunja yenyewe mwaka 2020.

Na pwani ya Afrika Mashariki swali la kama maneno yana mahali katika gwaride lingechekesha. Ngoma ya beni, iliyozuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi na ambayo baada ya vita vya kwanza vya dunia ikatapakaa Tanganyika kupitia vyama vya Marini na Arinoti, ilikuwa na gwaride, sare, vyeo vya kujipachika na matarumbeta pale yalipopatikana. Asili yake na ya vikosi vya Marekani ni moja: askari na baragumu lake. Ila kwenye beni neno lilikuwa ndiyo silaha. Watu waliimba kumnanga mpinzani, na mshindi alikuwa yule ambaye maneno yake yaliwafuata maadui mpaka nyumbani. Tofauti ni kwamba beni ilipita mtaani, kwa watu waliosimama hatua mbili kutoka kwa mwimbaji, na maneno yalikuwa ya kuimbwa kwa kupokezana.

Ndipo unapoelewa Phantom Regiment walifanya nini. Yale maneno matatu yalikuwa na mahali katika kumbukumbu ya watazamaji, kwa sababu filamu ya Spartacus ya 1960 wengi wanaijua. Hawakuhitaji kusikia kila konsonanti. Sauti ya kwanza ikipotea, ya pili inalirudia neno, na ya tatu, mpaka uwanja mzima unajua kinachosemwa. Kila aliyepaza sauti alikuwa mtu aliye ndani ya hadithi, jasho likimtoka, chombo mkononi. Hakusema mtumwa Spartacus alikuwa jasiri. Alijitaja, na kwa kujitaja alijitoa afe. Maneno yalitenda tendo.

Carolina Crown, kikosi cha South Carolina kilichopata ubingwa wake wa kwanza mwaka 2013 kwa onyesho la "E=mc²", walipita njia nyingine. Walichota kwenye opera ya Philip Glass, "Einstein on the Beach" ya 1976, ambayo sehemu kubwa ya matini yake ni namba: moja, mbili, tatu, nne, zikikaririwa kwa kasi. Namba haielezi hadithi ya mtu. Ni mdundo uliovaa nguo za maneno, na masikio huipokea kama ngoma nyingine iliyoongezwa.

Kwa hiyo anayeuliza kama usimulizi una mahali uwanjani anauliza swali pana mno. Uliza badala yake kama sauti hiyo ikiondolewa, kuna kitu kitakachokosekana ambacho tarumbeta haiwezi kukileta. Kwa Spartacus kipo. Kwa Copland kipo. Kwa sauti inayomwambia mtazamaji kwamba anachokitazama kinasisimua, hakipo.

Siku hizi ugomvi umepoa, kwa sababu msimulizi amebadilika umbo. Pembeni ya uwanja, jirani na marimba, kuna kijana amesimama nyuma ya kinanda cha umeme na kompyuta mpakato. Ikifika hesabu yake anabonyeza kidole kimoja, na sauti iliyorekodiwa miezi mingi nyuma, isiyo na mafua wala hofu, inasema neno moja au sentensi moja na kunyamaza. Ni safi zaidi, fupi zaidi, na inasikika vizuri. Upungufu wake ni kwamba hakuna uso uwanjani wa kuihusisha nao. The Cadets, waliowahi kuwapa vijana wao kipaza sauti waseme kwa midomo yao wenyewe, kwa ubaya au kwa uzuri, walifunga shughuli mwaka 2024 wakiwa na ubingwa mara kumi.

Sauti moja ambayo hakuna aliyewahi kuipinga ni ya mtangazaji wa uwanja. Kabla ya kila onyesho, kikosi kikiwa kimejipanga, huuliza kwenye spika kama kiongozi yuko tayari. Kiongozi amesimama mbele ya jukwaa, kipaza sauti kiko hatua chache kutoka alipo. Hajibu kwa mdomo. Anapiga saluti, anageuka kuwatazama wenzake, na kuinua mikono.